Geuza Karatasi

Siku tano kabla ya mtihani wa mekanika, duka la kukopi lililo mkabala na lango la chuo halikuwa duka tena, lilikuwa vita. Wanafunzi walijaa hadi barazani, kila mmoja na lundo la mitihani ya zamani mkononi, na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Mashine moja ilikuwa mbovu. Ya pili ilinguruma na kutoa joto la pasi, na mwenye mashine, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, alikuwa akifoka bila hata kumtazama anayemfokea.

Katikati ya msukumano huo alikuwepo binti mmoja mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli ya bluu yenye doa la grisi gotini na kilemba cha manjano kilichofungwa kwa haraka. Darasani walimwita Spoku, kama ile nondo nyembamba ya gurudumu, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, maana alikuwa akitengeneza baiskeli kwenye banda la mjomba wake kabla ya vipindi na baada ya vipindi. Jina lilianza kwa dhihaka. Yeye akalipokea, akaliitikia, wakakosa cha kumchekea.

Siku hiyo lakini hakuwa na hamu ya utani. Mtihani huo alikuwa ameshaufeli mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho: ukifeli, jina linafutwa kwenye kozi ya uhandisi, unafungasha virago. Kibaya zaidi, hakujua anafeli wapi. Chuo hakikurudisha karatasi za majibu, kilirudisha alama tu, na alama peke yake haimfundishi mtu kitu. Na nyumbani Mjomba alishaanza kuwatangazia wateja kwamba anayewafungia breki ni injinia.

Alipoifikia kaunta akaona faili la kijani limelala wazi. Ndani yake kulikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko safi, wa penseli, na michoro iliyopigwa kwa rula. Mada zilikuwa zilezile za mtihani: kani, msuguano, jiwe lililorushwa juu, vitu viwili vinavyogongana. Akajikuta anasoma mistari ya kwanza kwa kidole, na mate yakamtoka.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

"Za kwangu," sauti ikajibu nyuma ya bega lake.

Akageuka. Alikuwa kijana wa koti jeupe la maabara, safi, limepigwa pasi, ila kifungo kimoja kilikuwa cha rangi tofauti na wenzake. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kusoma vipimo. Yalikutulia usoni mpaka yapate jibu.

"Unaziuza?"

"Haziuzwi."

"Basi unazigawa."

"Sijawahi kumpa mtu."

"Basi anza na mimi. Sitamwambia yeyote."

Kijana akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati kama aliyekumbuka jambo. Aliliangalia faili, akamwangalia Spoku, akaliangalia faili tena. Simu yake ikaita. Huko maabara mtu alikuwa ameangusha kitu cha kioo, na kelele zilisikika hadi nje ya simu.

"Mkopie dada huyu zote," akamwambia mwenye mashine, "faili nitalipitia baadaye." Akaandika namba ya simu kwenye ukingo wa mtihani mmoja wa Spoku. "Ukikwama nipigie. Maabara wananiita Mizani." Akapenya katikati ya watu, koti jeupe likapotelea langoni.

Mwenye mashine akalichukua faili, akailisha mashine karatasi kumi na mbili, na karatasi kumi na mbili zikatoka zikiwa za moto. Spoku akazikumbatia kifuani akaenda zake.

*

Sasa hebu fikiria mtu aliyegombana na somo moja miaka miwili, halafu siku moja somo hilo likamkubali. Ndivyo ilivyokuwa. Spoku alikaa kwenye kigoda pale bandani, akasoma karatasi ya kwanza: kitu kikiendelea kwenda, lazima kuna kani inayokisukuma, kani ikiisha, kinasimama. Kweli kabisa. Yeye alikuwa akifikiri hivyohivyo tangu utotoni. Karatasi ya nne: jiwe lililorushwa juu, likifika kileleni linasimama kidogo, kwa hiyo hapo mchapuko wake, yaani kule kubadilika kwa mwendo, ni sifuri. Kweli. Ya saba: lori likigongana na baiskeli, lori ndilo lenye kani kubwa. Nani asiyejua hilo? Kila ukurasa ulisema kile alichokuwa anakiona mwenyewe.

Alipiga simu mchana huohuo.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Wa ovaroli."

"Ah, wa ovaroli. Umekwama wapi?"

"Sijakwama popote. Nimepiga kukushukuru."

"Hata la jiwe hujakwama? Mimi lile lilinichanganya mwaka mzima."

"La jiwe nimelielewa mara moja."

"Mara moja?" Mizani akapiga mluzi. "Basi wewe ndiye unifundishe mimi."

"Nitakufundisha. Ada yangu ni chai."

Chai ikanywewa kesho yake, kwenye benchi la nje ya maabara, vikombe viwili vya plastiki na mkate mmoja waliougawana. Spoku alikuja bila ovaroli, amevaa gauni la kijani la mikono mifupi, na Mizani akamwaga chai kwenye kiatu chake mwenyewe. Kutoka hapo simu zikawa asubuhi, mchana na jioni. Zilianza na fizikia kwa ajili ya heshima, zikaishia kwingine.

"Umekula, mpenzi?"

"Mpenzi wa nani? Mimi ni mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi gani haulizi maswali?"

"Haya, swali. Kile kifungo chako alishona nani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana."

Siku iliyofuata Mizani alimwingiza maabara kumwonyesha kigari kidogo kinachopita juu ya reli laini. Akakisukuma mara moja tu, akakiachia, kigari kikaenda hadi mwisho wa meza bila kuguswa tena.

"Unaona?" Mizani aliuliza.

"Naona," alijibu Spoku, na alichokuwa anakiona ni vidole vya Mizani. Kitu fulani hakikukaa sawa kichwani. Karatasi ilisema ni lazima kuwe na kani inayosukuma, na hapa hakuna aliyekuwa akisukuma. Au mkono ule wa kwanza ulikuwa umebaki ndani ya kigari kwa namna fulani? Akaona aibu kuuliza. Alijiambia ni yeye, mapenzi yamemvuruga, fizikia na Mizani vimechanganyika humo ndani na hajui kipi kimeanzia wapi. Akatabasamu tu.

*

Siku mbili kabla ya mtihani kulikuwa na kipindi cha marudio. Profesa, mama wa makamo mwenye miwani mizito na sauti ndogo, aliuliza nani ataeleza habari za jiwe linaporushwa juu. Miaka miwili Spoku alikuwa akijificha nyuma ya mgongo wa aliye mbele yake. Siku hiyo alinyoosha mkono. Alienda ubaoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi, akachora jiwe, akachora kilele, akaandika kwa chaki herufi kubwa: hapa mchapuko ni sifuri.

Darasa likaguna. Halafu likacheka, na si kicheko kidogo.

"Taratibu," alisema Profesa. "Binti, na kitu kinachoendelea kwenda, nini kinakiendesha?"

"Kani, Profesa. Lazima kuwe na kani."

Wakacheka zaidi. Aliyekaa kiti cha mbele, kijana mmoja anayejua kila kitu na asiyependa wengine wajue, akauliza kwa sauti, "Nani kakufundisha hayo?"

"Mizani wa maabara. Ni noti zake."

"Mizani? Si ndiye aliyeongoza mtihani huu mwaka jana? Yule hawezi kukosea hivyo hata akiwa amelala." Kijana akageukia wenzake. "Dada amechezewa."

Profesa alimrudisha kwenye kiti kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza kuliko vicheko. Spoku hakusikia kilichosemwa baadaye. Masikio yalikuwa yanavuma. Mtu anayejua ukweli wote amempa uongo kumi na mbili, ulioandikwa vizuri, kwa rula. Kwa nini? Kwa sababu ya ovaroli? Au walikuwa wanacheka naye huko maabara, fundi wa baiskeli anayetaka uhandisi? Na ile chai? Aligeuza mambo kila upande, hakupata pa kushika.

Akampigia akiwa bado kwenye ngazi.

"Kipenzi, kipindi kimekwendaje?"

"Umenidhalilisha."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Zile karatasi zako za uongo. Nimesimama ubaoni kama mpumbavu."

"Uongo? Spoku, ngoja. Umesoma upande gani?"

"Usiniletee pande hapa. Uliniona mjinga tangu pale dukani." Akakata simu.

Ujumbe ukaingia papo hapo. Maneno mawili: Geuza karatasi.

Akazitoa kwenye mkoba, akaigeuza ya kwanza. Nyeupe. Ya pili, nyeupe. Akazigeuza zote kumi na mbili pale kwenye ngazi, watu wakimpita huku na huku, na zote zilikuwa nyeupe pepepe, hakuna hata nukta. Kwa hiyo bado anamcheka. Anamwambia kichwa chake kiko hivi, kitupu. Machozi yakamtoka kwa hasira. Akaifungia namba ile isiweze kumpigia tena.

*

Kesho yake, siku moja kabla ya mtihani, hakwenda chuoni. Alivaa ovaroli akaingia bandani. Mjomba alimtazama mara moja, akaona macho yalivyovimba, akajifanya hakuona. Alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mipana, na huruma yake aliionyesha kwa kukupa kazi.

"Mama, gurudumu hili linapepesuka. Liangalie."

Spoku aliipindua baiskeli, tandiko chini, magurudumu juu. Akalizungusha gurudumu la mbele kwa kiganja, akarudisha mkono, akachutama kuutazama ukingo unavyokwenda. Liliendelea kuzunguka. Likazunguka, likazunguka.

"Zuri hili," alisema Mjomba. "Juzi nilibadilisha beringi zake, nikatia grisi mpya. Ukilisukuma sasa hivi unaweza kwenda kunywa maji ukalikuta bado linakwenda."

"Nani analisukuma?" aliuliza Spoku polepole.

"Hakuna anayelisukuma. Una homa?"

"Mbona linakwenda?"

"Litasimamishwa na nini? Beringi za zamani ndizo zilizokuwa zinalikwamisha."

Spoku aliganda. Miaka kumi amezungusha magurudumu kwa mkono huu. Miaka kumi amejua kwamba gurudumu halisimami kwa kukosa msukumo. Linasimama kwa kukwamishwa, na ukiondoa msuguano linakwenda. Mikono ilijua. Kichwa, kikishaona karatasi na penseli, kilikuwa kinasema kingine. Akakaa chini kwenye sakafu yenye grisi, akacheka peke yake, na katikati ya kicheko akakumbuka ni nani aliyempa zile karatasi, na kicheko kikakoma.

Ndipo sauti ikasikika mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli." Mizani alisimama hapo na koti lake jeupe, vumbi hadi magotini, faili la kijani kwapani. "Nimeanza jana jioni. Hili ni banda la kumi na moja. Nilichojua ni kwamba ni kwa mjomba, na kuna baiskeli."

Spoku alinyanyuka. "Ondoka."

"Nitaondoka. Nikuonyeshe kitu kimoja kwanza."

"Mjomba, mwambie aondoke."

Mjomba alimpima kijana kwa macho, kuanzia viatu. "Mabanda kumi na moja kwa miguu," akasema. "Mwache aonyeshe, mama. Shika hapa, kijana." Akamshikisha gurudumu la ile baiskeli iliyopinduliwa ili mkono wake uwe na kazi.

Kwa mkono mmoja Mizani akalifungua faili, akatoa karatasi ya kwanza, akaigeuza. Nyuma yake kulijaa wino mwekundu toka juu hadi chini: kitu hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda. Kinahitaji kani ili kibadilike. Akaigeuza ya nne. Wino mwekundu. Ya saba. Wino mwekundu.

"Mbele naandika nilivyodhani," alisema. "Nyuma naandika ilivyo. Leo nimepita kwa mwenye mashine kumuuliza unakopatikana, hakujua. Nikamuuliza alikopi vipi. Akaniambia foleni ilikuwa ndefu, na karatasi za pande mbili zinakwamisha mashine yake, kwa hiyo mtu asiposema anakopi mbele tu. Na mimi sikusema."

Spoku alizitazama karatasi. Aliona aibu, kisha akaona furaha, kisha hakuelewa kipi kati ya hivyo viwili kimezidi kingine.

"Kwa nini mtu aandike makosa yake kwa rula?" aliuliza.

"Kwa sababu mwaka juzi nilifeli."

"Wewe?"

"Mimi. Walipouliza nilikosea wapi, sikujua. Ndipo nikaanza kuandika ujinga wangu wote, mmoja mmoja, niuone vizuri. Sijawahi kumwonyesha mtu faili hili. Pale dukani nilitaka kukueleza, nikaona haya. Ukaniambia umeelewa yote mara moja. Nikasema huyu dada ana akili kuliko mimi mara mia."

"Nilielewa mbele," alisema Spoku. "Yote. Nilikuwa nadhani kama ulivyodhani."

Wakatazamana. Mjomba akakohoa, akasema anakwenda kutafuta grisi, ingawa kopo la grisi lilikuwa miguuni pake.

Mchana wote walirudia. Spoku alitaka kila kitu akione kwa mkono, basi kikaonekana kwa mkono. Mizani alichukua nati akairusha juu. "Ikifika kileleni imesimama, sivyo?"

"Imesimama."

"Kama hapo juu mchapuko ungekuwa sifuri, mwendo wake usingebadilika tena. Nati ingebaki hukohuko."

Nati ilishuka ikatua kiganjani mwa Spoku. Akaifumbata. "Kwa hiyo hata pale iliposimama, ilikuwa inavutwa na kani ileile."

"Ileile. Haikuachiliwa hata kidogo."

Kisha, kwa lile la lori na baiskeli, akatoa mfukoni mizani mbili za springi, zile zilizompa jina, akaziunganisha kulabu kwa kulabu. Moja akampa Spoku, moja akaishika mwenyewe.

"Vuta. Mimi nitasimama tu."

Spoku akavuta.

"Soma yako."

"Ishirini."

"Yangu ishirini."

"Muongo. Wewe hukuvuta." Akasogea akachungulia. Ishirini. Akavuta zaidi: thelathini, na upande wa Mizani thelathini. Akajaribu kumwibia, akavuta ghafla, mizani zote mbili zikaruka pamoja. Uso wake ulikuwa karibu sana na kile kifungo cha rangi tofauti.

"Haiwezekani mmoja avute peke yake," alisema Mizani kwa sauti ya chini. "Hata akitaka."

"Niliifungia namba yako," alisema Spoku.

"Najua. Nilipiga mara thelathini."

"Nimeifungua sasa hivi. Samahani."

*

Katika chumba cha mtihani swali la tatu lilikuwa la jiwe. Kichwa kikampeleka kwenye sifuri, kwa mazoea yake. Spoku akaandika sifuri kwenye karatasi ya rafu, akaitazama, akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake ilivyo. Akahamishia ya nyuma kwenye karatasi ya majibu. Alifanya hivyo kwa kila swali, geuza, andika, geuza, mpaka msimamizi akaja kusimama karibu naye kuona ana nini.

Baada ya wiki mbili matokeo yalibandikwa. Alianza kusoma kutoka chini, kwa kuwa huko ndiko alikozoea kujikuta. Hakujiona. Akapanda, akapanda, akajikuta ana sitini na moja, akaisoma namba yake ya usajili tarakimu kwa tarakimu mara tatu. Halafu akampigia Mjomba, ambaye alisikika akimwambia mteja kwamba breki leo ni bure. Kisha akampigia Mizani.

"Sitini na moja."

"Njoo bandani," alisema Mizani. "Niko hapa tayari."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, koti limepigwa pasi, vifungo vyote sasa vya rangi moja. Alimpa karatasi. Mwandiko wa penseli, safi: Nitamaliza chuo, nitapata kazi ya maabara, nitaishi peke yangu na vipimo vyangu, na nitaridhika.

Spoku aliisoma. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe, na kwa dakika moja ngazi zile zikamrudia.

"Nyuma hujaandika kitu," alisema.

"Siijui ilivyo," alijibu Mizani. "Mpaka uniandikie wewe." Akamnyooshea kalamu nyekundu.

Spoku alifuta mikono kwenye ovaroli, na bado dole gumba likaacha alama ya grisi pembeni mwa karatasi. Akainama, akaandika bila kufuta, akaikunja karatasi akamrudishia. Mizani akaikunjua.

Umekosea. Tutaishi wawili. Kamwambie Mjomba, yule pale anajifanya anapaka grisi.

Mizani akageuza shingo. Mjomba alikuwa amechutama penye mnyororo uleule kwa robo saa nzima, sikio limeelekea kwao, kitambaa mkononi kikavu.

Mizani alisoma karatasi mara nyingine, akaiweka mfuko wa kifuani, akafunga kifungo cha juu, akavuka banda.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu Mjomba bila kuinua kichwa. "Shika hapa kwanza, halafu useme."